Siku Kaya Thelathini na Nane Zilipohamia Jikoni Kwangu

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini mke wangu ameshaisimulia mnadani, kisimani na kwenye jumuiya, na kila anapofika anaiongezea chumvi, kwa hiyo nimeona heri niisimulie mwenyewe angalau chumvi iwe ya kiasi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wakisikia safari macho yanawaka, mimi nikisikia safari natafuta kigoda. Nipe moto wa jikoni, nipe sufuria ya makande inayochemka taratibu, mengine nitasimuliwa. Sasa fikiria watu walivyocheka hapa Gehandu nilipochaguliwa mhudumu wa afya wa kitongoji, kazi ambayo ni kutembea nyumba kwa nyumba! Nilichaguliwa kwa sababu nina kidato cha nne, na kwa sababu siku ya mkutano nilikuwa nimesinzia, na aliyesinzia hawezi kukataa.

Basi tukaitwa semina, tukapewa vishikwambi. Tukaelezwa kwamba kila kaya iingizwe kwenye mfumo: watu wangapi, mjamzito yupo, mtoto amechanjwa, choo kipo. Taarifa hiyo inapanda wilayani, mkoani, mpaka wizarani, na huko ndiko wanakopanga dawa ziende wapi na gari la kliniki ya mkoba lisimame wapi. Mwalimu wa semina akasisitiza jambo moja: "Kitufe cha kuchukua eneo unakibonyeza ukiwa umesimama mlangoni mwa kaya husika." Nililisikia vizuri sana, siwezi kusingizia njaa.

Kabla sijaanza kazi nilikutana na Katarina kwenye mkutano wa kijiji. Katarina anakaa ng'ambo ya korongo, ni mama ambaye haongei sana ila akiongea unatamani angekaa kimya. Akasema mbele ya wote, "Kaka, kila mwaka mnatuandika. Na kila mwaka nambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati, na korongo likijaa narudi naye bila chanjo. Mnatuandika ili iweje?"

Nikasimama (sijui nani alinituma), nikasema, "Dada, safari hii ni mfumo wa taifa zima. Nakuahidi gari litafika mpaka kwenu."

Watu wakapiga makofi. Nikayapenda.

Asubuhi yake mvua ikaanza, ile ya ukungu unaoingia mpaka ndani ya soksi. Nikatazama korongo, nikatazama moto. Nikajiambia, hawa watu si nawajua wote? Najua nani ana watoto wangapi, nani ana mimba, hata jina la ng'ombe wao najua. Nikute nini huko ambacho sikijui? Nikavuta kigoda, nikaweka kishikwambi magotini, nikawaingiza wote wa ng'ambo, ndio niliopangiwa, kutoka kichwani, kaya thelathini na nane, na kila nilipofika kwenye kile kitufe cha eneo nilikibonyeza papo hapo, huku mkono mwingine ukikoroga makande.

Wiki haijaisha ukaja ujumbe: hongera, umemaliza wa kwanza kata nzima. Mwenyekiti akanisifu hadharani, na kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza, kliniki ya mkoba itaanza na watu wangu, Jumanne. Akina mama wa ng'ambo wakaambiwa wakae tayari na watoto kwa Katarina. Nami nikatembea kijijini na kishikwambi kwapani kama mtu anayebeba Biblia.

Jumanne hiyo nilikuwa uani nakanyaga udongo na mavi ya ng'ombe kwa ajili ya kukandika ukuta, nimejifunga kitenge cha mke wangu kiunoni, maana suruali ya heshima ilikuwa kwenye kamba, naisubiri ikauke niende ng'ambo kupokea wageni. Ghafla gari likaingia uani kwangu. Akashuka sista kijana, mgeni aliyehamishiwa zahanati kutoka mkoa mwingine, akanitazama kuanzia magotini kushuka chini, lakini malezi yakamshinda, akasema:

"Shikamoo baba."

"Marahaba," nikajibu, nimezama kwenye mavi mpaka nusu ya mguu.

"Samahani, ile mitaa yenye kaya thelathini na nane iko upande gani?"

"Mitaa?"

Akanionyesha kishikwambi chake. Ramani nzima ya kijiji ilikuwa nyeupe, isipokuwa sehemu moja ambapo nukta zimepandana kama nzige. Dereva akachungulia, akainua macho, akaangalia bati la jiko langu.

"Sista," akasema, "wote wamo humo ndani. Na wajawazito sita."

Mke wangu akatoka jikoni, mwiko mkononi. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye ua, gari haliingii kwetu kila siku.

"Wajawazito sita?" akauliza. "Baba Neema, jikoni kwangu? Ndiyo maana makande yanaisha!"

Kicheko kilichotoka hapo, hata ng'ombe waliinua vichwa. Sista peke yake hakucheka.

"Baba, akina mama wako wapi?"

Nikanyoosha kidole ng'ambo ya korongo. Dereva akasema barabara ya kule inachepukia walikotoka, kuzunguka ni mwendo wa saa mbili, na mchana wanasubiriwa kijiji kingine. Kwa miguu ni nusu saa. Sista akashusha garini kiboksi cha baridi cha chanjo na kukiweka mbele yangu. Nikakitwika. Suruali bado ilikuwa inachuruzika maji, kwa hiyo nikaenda na kitenge, na udongo miguuni, na dereva akazunguka na gari aje kumchukua sista kazi ikiisha.

Tulipofika, akina mama walikuwa wamekaa nyasini tangu alfajiri, baadhi wameshaondoka. Nikaomba radhi. Nikaeleza ukweli wote, jiko, moto na kitufe (makande niliyaruka). Wengine wakacheka, Katarina hakucheka. Akamleta mwanawe, akachomwa chanjo ya surua, akalia, akanyamaza. Kisha akanigeukia.

"Kaka, mimi umeniandika wapi?"

"Nyumbani kwangu, dada."

"Niandike hapa. Nimesimama mlangoni, unaniona."

Nikatoa kishikwambi, nikabonyeza. Mawingu yalikuwa mazito, kikaanza kuzungusha kile kiduara chake kutafuta eneo, kikazunguka, kikazunguka, na mimi nimesimama na kitenge mbele ya wanawake wote wa ng'ambo. Mwishowe kikakubali.

"Watoto wangapi?" nikauliza, kwa kujikaza tu, maana jibu nilikuwa nalo. Watatu.

"Wanne."

"Watatu, dada. Nawajua."

Katarina akaingia ndani, akatoka na kitoto cha kike kimeviringishwa blanketi, kikiwa na miguu kama njiti. Akasema ni cha mdogo wake aliyefariki Babati, amekichukua tangu kiangazi. Hakina kadi.

"Hujapita hapa tangu kiangazi, kaka. Ungemjuaje?"

Sista akampokea mtoto bila kuuliza zaidi. Akampima, akatikisa kichwa kwa uzito alioukuta, akamchanja na kumfungulia kadi. Akaniuliza jina la kuingiza kwenye mfumo, na mimi, mjuaji wa watu wote na ng'ombe wao, nikageuka kumtazama Katarina.

"Anaitwa Rehema," akasema Katarina. "Andika."

Nikaandika. Sista akasema arudishwe kila mwezi kupimwa uzito, na gari litasimama hapo hapo mlangoni.

Kaya nyingine thelathini na saba nilizirudia kwa miguu, siku kumi na moja, malengelenge mawili na mbwa mmoja aliyeniuma. Bado sipendi safari, msije mkadhani nimeokoka. Lakini nimeapa: sitaandika tena kaya ambayo mlango wake sijaufikia kwa miguu yangu. Maana kutoka kichwani mwangu, Rehema hakuwepo nchi hii.