Marando ya Mama Yalivyoishia Msibani

Kiazi cha mama yangu kilikuwa na ganda jekundu na nyama nyeupe, kilichelewa kukomaa, na kilizaa kwa uchoyo. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana viazi vitamu ndiyo kazi yangu. Kwenye shamba la utafiti ninakoajiriwa tunachukua chavua ya ua hili tunaipaka kwenye ua lile, tukitafuta watoto watakaozaa sana. Kwa mizani, kiazi cha mama kingeshika mkia. Lakini kilikuwa hakiugui. Ugonjwa uliokunja majani ya viazi vya majirani zetu wote wa Boko haukugusa tuta lake la nyuma ya jiko.

Kwa hiyo nilikitaka kiwe mzazi. Nilimwomba mama marando machache, yale mashina yanayotambaa, ambayo ndiyo mbegu yetu, nikayapande kazini. Akacheka.

"Subiri mvua. Ukiyakata kiangazi hiki utayaua. Na msije mkakichanganya kiazi changu na hivyo vyenu vya rangi ya papai."

Marando hayo aliyatoa kwao Usukuma, ndani ya gunia bichi, na kila kiangazi aliyanywesha maji aliyooshea mchele.

Mvua haikumkuta. Presha ilipanda asubuhi, mchana hatuna mama.

Majirani wakashika msiba, kama ilivyo ada. Mfiwa haachiwi ashike hata mwiko. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa mkekani, nimevimba macho. Nje turubai lilikuwa limemaliza uwanja, na wanawake walitafuta mahali pa kuweka mafiga. Wakaona tuta. Wakachuma matembele wakayaunga nazi, wakang'oa mashina mpaka mizizi, wakasawazisha udongo, wakawasha moto juu yake na kuyatupia humo. Nililetewa sahani. Nilikula matembele yale, nikasema yameiva vizuri.

Tulipotoka makaburini nilikwenda nyuma ya jiko nikakuta majivu. Nilipiga ukunga mkubwa kuliko ule niliopiga jeneza likishushwa, na sijali aliyenishangaa. Jirani yetu wa ukuta mmoja alinikimbilia.

"Jamani, dada, si matembele tu? Kwani hayaoti tena?"

Ulimi ulikuwa umeshajaa matusi. Ila huyu ndiye aliyemwosha mama yangu. Unamtukanaje mtu aliyemwosha mama yako?

Baada ya arobaini baba akaacha kula. Wali anausogeza, ugali anautazama. Nikimbembeleza ananijibu hilohilo: "Nataka kiazi cha mama yako." Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu.

Mama hakuwa mchoyo wa marando, aligawa kwa kila aliyeomba, kwa hiyo nilianza kuyafuata. Manzese, aliyepewa alishahama, na pale alipolima panachomelewa mageti. Segerea, kwa shangazi, nilikuta viazi lishe, vile vyetu vya rangi ya papai, vimejaa hadi kwenye mfereji.

"Yale ya wifi?" shangazi akasema. "Mwanangu, yalikuwa yanachelewa mno. Si nyie wenyewe mlituletea haya mazuri?"

Ndiyo, sisi. Na ni mazuri kweli, ndiyo maana yanauma. Nikapiga simu Usukuma, nako wakanicheka: kiazi kile cha bibi zao nani analima siku hizi?

Watu huniuliza kama kazini hatuwezi kukitengeneza upya. Hatuwezi. Punje ya mbegu inayotoka kwenye ua la kiazi haikuletei kiazi kilekile, kila punje ni mtoto na sura yake. Ukitaka kilekile unahitaji rando lake, japo la urefu wa kiganja, au kiazi chenyewe kichipue, na mimi sikubakiwa na chochote.

Mwishoni nilinunua sokoni viazi vyekundu vyenye nyama nyeupe, nikachemsha kimoja, nikampelekea baba. Alimega, akatafuna polepole.

"Sicho."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Hiki laini. Kile kilikuwa kikavu, kinanikaba. Mimi sikuwahi kukipenda."

Nilimkodolea macho. Mwezi mzima nazunguka juani! "Sasa baba, si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Nikikabwa, mama yako alikuwa ananipiga mgongoni huku ananicheka."

Akaendelea kula. Alikimaliza chote bila kukohoa hata kidogo, akaweka sahani chini, ndipo akaanza kulia.