Zahanati Yangu Ina Maji ya Uhakika

Nichekeni tu, nimestahili. Mimi ndiye mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati moja ndogo njia ya Kilambo, ambako mjamzito haji kujifungua bila ndoo yake ya maji. Juzi nikasikia mbunge wetu atalizungumza hilo bungeni. Kwa kiherehere changu nikaweka redio dirishani, nikaongeza sauti, nikawaambia akina mama waliokuja kliniki: "Tegeni masikio, leo serikali inabanwa!"

Mbunge akauliza vizuri. Naibu Waziri akajibu bila hata kukohoa: "Mheshimiwa Spika, kwa taarifa ya mganga mfawidhi mwenyewe, zahanati hiyo ina maji ya uhakika."

Nikaikumbuka ile fomu ya wilaya kuhusu hali ya maji. Niliijaza wakati wa masika, tangi limefurika maji ya mvua, nami sikutaka wilayani wanione mlalamishi.

Nikakimbilia kuzima redio, nimechelewa. Mlangoni alikuwa amesimama Bi Somoe, amemleta bintiye kujifungua, ndoo kichwani. Hakugomba. Aliitua taratibu miguuni pangu, akaniuliza kwa upole:

"Basi, mwanangu, haya yangu ya mtoni niyamwage?"