Nilivyozoea Kubonyeza Ndiyo

Kibanda changu cha intaneti pale Bondeni kilikuwa na kompyuta tatu, na zote zilikuwa zimesahau mwaka. Betri ndogo ya ndani, ile inayotunza saa, ilikuwa imekufa. Kila umeme ulipokatika, na Kyela ulikatika kila ulipojisikia, tarehe ilirudi nyuma miaka. Betri zilipatikana Mbeya. Nilisema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu zikaja, zikapita, nami nimekaa.

Ndiyo maana kila ukurasa wa barua pepe ulipofunguka, onyo lilitokea: cheti cha tovuti hii kina kasoro. Cheti chenyewe ni kama barua ya mtendaji wa kijiji, yenye mhuri. Inasema mgeni huyu ni nani, na barua inatumika kuanzia lini hadi lini. Kompyuta yenye tarehe mbovu huona barua zote ni batili. Nikawafundisha wateja: "Bonyeza Ndiyo, hizo kelele tu." Mazoea yana taabu.

Alikuwapo mama mmoja wa Ndandalo, mkunga mstaafu, macho yamefifia. Kila Jumamosi nilimsomea barua pepe za mwanawe, aliyefia masomoni ng'ambo. Zilikuwa zilezile. Nilizisoma kwa uchovu, jicho kwa wateja wengine, naye akimaliza kusikiliza ananishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Alipotaka nizichapishe nilimkatalia.

"Za nini, mama? Humu ziko salama kuliko kabatini."

Jumamosi moja onyo lilikuwa jingine: jina kwenye cheti halikuwa la tovuti ile. Maneno yalikuwapo palepale kwenye kioo, ila mimi sikuwa nasoma tena. Nilibonyeza Ndiyo, nikaandika neno lake la siri kwenye ukurasa wa mwizi. Wiki iliyofuata sanduku lake la barua pepe halikufunguka. Nilihangaika mwezi mzima. Lilikuwa limetumika kwa utapeli, wenye tovuti wakalifuta na vyote vilivyokuwamo.

Nilipomweleza, nilijichukia. Yeye hakulia. Alitoa daftari na kalamu kwenye mkoba.

"Mimi zimeanza kunichanganyikia," alisema. "Wewe uliyezisoma mwaka mzima, niandikie unazozikumbuka. Hata moja."

Nikaandika "Mama mpendwa", maana barua za watoto wote huanza hivyo. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri.

"Umefika wapi, mwanangu?" aliniuliza.