Lidia na kilima wanachotaka kukipasua

Asubuhi, ukungu wa Uwemba haujainuka, na Lidia Mgaya analizunguka tanuru lake la mkaa kama mama mwenye mtoto wa homa. Moshi ukifuka pasipotakiwa, anabandika udongo. Unafuka upande wa pili. Anakimbia, anakohoa, anabandika.

"Ukilipa nafasi tu, limekula magunia yako yote," anasema. "Mkaa hauna Jumapili."

Lakini macho yake leo yako mtelemkoni, kwenye shamba la miti ya miwati alilomaliza kuvuna, juu kidogo ya chemchemi. Kampuni moja ya utafiti wa gesi inataka kulikodi, maana liko wazi. Itoboe kisima cha majaribio: maji, mchanga na dawa visukumwe chini kwa nguvu mpaka mwamba upasuke, gesi itoke. Kesho wanafuata jibu.

"Nikawauliza, gesi ikiisha? Wakasema miaka ishirini ni mingi. Mingi kwa nani? Na chemchemi je? Wakasema watafuatilia." Anatema mate pembeni. "Kufuatilia!"

Neno hilo analijua. Mwaka 2008 walikuja wengine, viatu vinang'aa, wakahubiri mibono: mafuta ya magari yataota shambani. Lidia akang'oa miwati ya marehemu baba yake, akapanda mibono. Julai sakitu ikaanguka, umande ulioganda kuwa barafu. Kulipokucha, shamba zima jeusi. Wenye viatu hawakuonekana tena, na hakuna aliyewauliza; miwati akairudishia mwenyewe.

Binti yake Jeni, mwalimu mjini Njombe aliyekuja kumsalimia, hataki kusikia ya mibono. "Mama, hicho kifua kimeharibiwa na moshi, si na kampuni. Chukua kodi, upumzike."

Lidia habishi. Chai yake mwenyewe huichemshia mtungi mdogo wa gesi, alionunua kwa Mustapha, mfanyabiashara wa Makambako anayemchukulia mkaa kwa shilingi elfu kumi na nane gunia.

"Dada Lidia, watu unawauzia moshi, mwenyewe unapikia gesi!" Mustapha anamtania akipakia.

"Na wewe shemeji unauza gesi, lakini pilau ya Bibie wako nyumbani inaivia mkaa wangu. Nani mwongo hapo?"

Mustapha anacheka, halafu anashusha sauti. "Wakitoboa, mie nitauza mitungi mpaka nichoke. Ila usinisikilize mie, dada. Mie sinywi maji ya hapa."

Gari linaondoka. Lidia anabaki amesimama, koleo mkononi.

Mbegu ya muwati ni kaidi. Hulala ardhini miaka na miaka, mpaka moto upite juu yake. Mvua ikinyesha, inachipua. Mchana huo Lidia anachota makaa ya moto tanuruni, anaziba tena kwa udongo, anateremka shambani. Jeni anamfuata akinung'unika, lakini jembe kalichukua, na njia ya kuzuia moto wanailima pamoja.

Matawi makavu yanashika moto.

"Kwa hiyo umewajibu kabla hawajaja," Jeni anasema.

"Waje tu. Watakanyaga majivu ya moto na viatu vyao."

Miwati hiyo ikikua, anataka kujenga tanuru la matofali lenye bomba, asile moshi tena. Ni miaka minane kama si tisa, na kifua ndicho hicho. Kampuni nayo inaweza kurudi na karatasi nyingine.

Anatazama juu. Hakuna hata wingu.

"Yangu nimemaliza," anasema. "Imebaki mvua."