Nilimwambia Mama Mkwe Jinyama la Japani ni Habari

Nimekosa, jameni. Tena nimemkosea mtu anayenipikia uji nikiwa mgonjwa: mama mkwe wangu.

Kwetu hapa karibu na Kiptere, yeye ndiye mwenye rimoti. Filamu hapendi kabisa, anasema ni uongo wa watu wazima. Yeye ni habari tu! Jumamosi hiyo mvua ilituzuia kuchuna chai, nikaweka filamu ya Kijapani, ya jinyama linalotoka baharini likikanyaga miji na kutema moto. Akaingia.

"Hiyo ni nini?"

"Ni habari, Mama. Japani kumeharibika."

Woi, huu mdomo wangu!

Akakaa, hata gamboti hakuvua. Sasa ile filamu, kusema ukweli, ina makosa. Watu wanaongea kwa ofisi karibu saa nzima kabla jinyama litokee. Mkia unayumba kama gunia tupu, nyumba zinaanguka kama katoni. Mama aliona yote!

"Hawa walijenga bila simiti?"

Nikauma leso nisicheke.

Lakini jinyama liliponguruma, hata mimi nilishika kiti. Halafu nyanya mmoja akakataa kuhama, akaendelea kufagia mlango wake likija. Mama mkwe akalia. Mimi pia nikalia, na nilijua ni filamu!

Ningesema hapo. Sikusema.

Jumapili akasimama kanisani. "Tuombee Japani." Watu wote magoti chini! Pasta aliposikia tulitazama pamoja, akaniita mbele nieleze nilichoona. Nikasema jinyama limerudi baharini.

"Haleluya!"

Mwalimu wa kwaya akaangua kicheko. "Pasta, hiyo ni filamu! Hata mimi niko nayo kwa simu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Na mimi tangu jana sijakula. Nilikuwa nimemfungia yule nyanya."

Aki nilijiskia vibaya!

Tangu hiyo siku haamini neno langu. Juzi ng'ombe wetu alivunja ua. Nikapiga nduru, "Mama, ng'ombe ako kwa mahindi ya jirani!"

Akapuliza chai yake polepole. "Anatema moto?"

Mahindi yakaisha! Sasa kila asubuhi mimi ndiye ninamkatia jirani nepia, majani ya ng'ombe wake, kulipia hayo mahindi.

Nyinyi wenzangu mlioolewa, filamu ikiwa tamu, semeni ni filamu. Msidanganye mtu wa maombi! Atabeba uongo wako mpaka madhabahuni, halafu wewe ndiye utaitwa kuueleza.