Mzee Koki na Mabomba ya Kompyuta

Kwa miezi minane pipa langu la maji pale uani lilifunikwa na kibao cha mume wangu. Ni kibao cha bati, kimeandikwa FUNDI BOMBA kwa rangi ya buluu, chini yake namba ya simu, na kwa miaka ishirini na sita kilikuwa kimening'inia getini. Siku moja alikishusha mwenyewe. Alikiegemeza ukutani, akaingia ndani, akavua viatu vya kazi. Alikuwa na haki ya kununa, lakini maji yangu yalikuwa yanaingia vumbi. Nikakipima kwa macho, nikaona kinatosha, nikafunika.

Mtaani wanamwita Mzee Koki. Ana desturi moja ambayo mafundi wenzake wanaicheka mpaka leo. Akimaliza kufunga mabomba haondoki. Anaweka kipande cha karatasi kavu chini ya kila kiungo, anafungua maji, anaomba kiti, anakaa. Anapiga soga na mwenye nyumba saa nzima, hata mbili, kisha anainuka kukagua karatasi moja moja. Mwenye nyumba anaweza kuwa na safari zake, hilo halimhusu. Karatasi zikiwa kavu ndipo anafunga sanduku lake la vifaa.

Kilichomtoa kazini ni dari. Mwenye nyumba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa na haraka, wageni wanakuja, akamwambia aunganishe bomba jipya la shaba moja kwa moja kwenye bomba la zamani la chuma. Mume wangu alijua kwamba shaba na chuma havigusani hivi hivi kwenye maji, kimoja kinamla mwenzake taratibu. Lakini mzee wa watu alikuwa anahimiza, na mume wangu hapendi kubishana na wakubwa, akanyamaza, akaunganisha. Karatasi zote siku ile zilikuwa kavu. Mwaka ulipopita, chuma kikatoboka na dari ya sebule ikashuka juu ya makochi. Alikwenda kutengeneza bila malipo. Mwenye nyumba hakugomba wala nini, alimwambia tu, "Hata wewe, fundi?" Maneno hayo matatu ndiyo yaliyoshusha kibao.

Basi akabaki nyumbani nami. Sitaki kusema uongo, nampenda sana mume wangu, lakini napenda pia awe anatoka. Alihamisha sufuria zangu mara tatu. Alinifundisha kuosha vikombe, mimi niliyeviosha tangu kabla hajajua kunyoa. Nilichokitaka ni kitu kimoja tu, kibao kirudi getini na mwenyewe arudi nacho, ila kila nilipomgusia kazi alijibu, "Mikono yangu imechoka, mama." Mikono yake haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa inaogopa.

Jumamosi moja akaja mkwe wetu, mume wa binti yetu mkubwa. Kijana huyu anatengeneza kompyuta za watu dukani, na kwake anacheza michezo ya kompyuta katika timu ya watu watano. Wenzake wanamwita Barafu. Alikuja na karatasi iliyochorwa mistari.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba," mume wangu akajibu. "Umekuja na binti yangu au umemwachia vyombo?"

"Yuko njiani. Baba, nina shida ya kifundi. Nataka kuingiza maji ndani ya kompyuta."

Mume wangu akanigeukia. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. "Mpe kiti kwanza, huenda ni jua."

Barafu akacheka, akakaa, akaeleza. Ndani ya mashine yake mna vitu viwili vinavyochemka kuliko vingine: prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri, na kadi ya picha, ambayo ndiyo inayochora unachokiona kwenye kioo. Michezo ya siku hizi inavibana vyote viwili mpaka feni zinanguruma, na joto likizidi mashine inajizima yenyewe isiungue. Kwenye mashindano yaliyopita ilijizima katikati ya mchezo, wenzake wakabaki wanne, wakapigwa wakalala. Jina lenyewe Barafu, mashine ndiyo iliyoyeyuka. Sasa alitaka kuipoza kwa maji: tangi dogo, pampu, vibamba vya shaba vya kukalia juu ya vile vitu vya moto, halafu rejeta kama ya gari ila nyembamba, yenye feni za kuyapoza maji kabla hayajarudi kwenye tangi. Mashindano mengine yalibakiza wiki tano.

"Fitingi za kuunganishia mipira ni nyingi," akasema, "na tone moja tu likidondoka kwenye bodi ya umeme, kwaheri. Nikamwambia mke wangu, ninaye baba mkwe aliyefunga mabomba ya nusu ya mtaa, nahangaika na nini?"

Nilimwangalia mume wangu nikidhani atakataa. Akauliza, "Ukubwa wa hilo kasha la mashine?" Barafu akamwonyesha kwa mikono. Mume wangu akaingia chumbani akatoka na chaki.

Kuchora kwake ni lazima kuwe kwa ukubwa wa kitu chenyewe, tena sakafuni. Sebule nilikuwa nimeipiga deki asubuhi ile. Nilifungua mdomo nigombe, nikamwona anapiga magoti, goti lenyewe lile bovu, nikaufunga.

Mchoro wa kwanza ulikuwa kichekesho. Aliweka tangi juu ya kasha kama la juu ya nyumba, akayapa mabomba mteremko, akachora na koki mbili.

"Baba, mteremko hauhitajiki. Pampu inasukuma, maji yanazunguka tu humo humo."

"Yanazunguka mpaka lini?"

"Kama mwaka hivi."

"Halafu unayatoa wapi?"

Barafu akaangalia mchoro wake mwenyewe. Hakuwa ameweka pa kuyatolea. Mume wangu akachora koki ndogo kwenye kona ya chini kabisa. Kisha akauliza pampu itakaa wapi, Barafu akaonyesha juu, karibu na waya zake. "Hapana," mume wangu akasema. "Tangi likae juu ya pampu, maji yaishukie yenyewe. Ukiiacha ivute hewa itaungua kabla hujaanza mchezo." Barafu akafuta, akaandika upya. Wakaendelea hivyo mpaka binti yetu alipofika akawakuta wote wawili wamelala kifudifudi sakafuni wanabishania kona. Akaniuliza kama wako sawa. Nikamwambia asiwashtue.

Jumamosi iliyofuata vifaa vikaja. Barafu alivipanga mezani meno yote nje: pampu, mipira ya maji inayoonyesha ndani, fitingi zinazong'aa kama vito, na mwisho rejeta, nyeusi, nzuri, ambayo muuzaji alimpatia kwa bei ya kirafiki. Mume wangu akaishika, akaipima uzito kiganjani, akatoa kisu chake kidogo akaikwaruza ukingoni, pembeni pasipoonekana. Chini ya rangi pakatokea weupe. Akairudisha mezani.

Alikula hajasema kitu. Binti yetu alisimulia vituko vya kazini kwake, sote tukacheka, yeye akageuza geuza kijiko. Ukimya ule niliufahamu. Ndio aliorudi nao kutoka kwa yule mwenye dari, siku aliyounganisha, mwaka mzima kabla dari haijashuka. Nikamwita jikoni anisaidie kubeba vikombe.

"Kuna nini?"

"Rejeta ni alumini," akasema polepole. "Vile vibamba ni shaba. Maji ni yale yale. Alumini italiwa."

"Kamwambie."

"Amefurahi sana, mama. Tena ni mkwe. Nimwaibishe mbele ya mke wake?"

Hapo nilikasirika, na nikikasirika huwa sipandishi sauti, naishusha. "Yule mwenye nyumba ulimnyamazia kwa adabu," nikamwambia. "Adabu ikaangusha dari. Chukua vikombe."

Akachukua vikombe. Alivitua mezani, akasimama nyuma ya kiti chake bila kukaa, akasema, "Mkwe wangu, hii rejeta usiifunge." Akaeleza.

Uso wa Barafu ukashuka. "Lakini Baba, muuzaji kasema inaingiliana na zote."

"Inaingiliana, ndiyo. Skrubu zitaingia. Ninachokisema kitatokea ndani, miezi michache ijayo, na muuzaji hatakuwepo."

Barafu akatoa simu akasoma, akasoma tena, sisi tunamsubiri. Mwisho akaiweka chini, akajikuna kichwa. "Ni kweli. Wote wanasema hivyo hivyo, usichanganye. Baba, ningeweka hii, mpaka nije kujua kadi imekwenda."

Mume wangu akakaa, akavuta sahani yake, akala wali uliopoa kana kwamba ndio kwanza umepakuliwa. Nilijisikia vizuri mno, ikabidi nitoke nje nijifanye nanawa.

Rejeta ya shaba ilichukua wiki tatu kufika. Tukabakiwa na siku nane kabla ya mashindano. Jumamosi asubuhi Barafu akaileta mashine yake kwetu, na sanduku la vifaa likatoka chini ya kitanda. Barafu alitoa maelekezo mara moja tu, kwa heshima zote: "Baba, fitingi hizi ndani zina kipete cha mpira, hicho ndicho kinachozuia maji. Zinakazwa kwa mkono. Spana hapana, tepu ya kuzungushia hapana."

"Sawa," mume wangu akasema.

Walifunga mpaka saa sita mchana. Mume wangu alikata mipira ya maji kwa wembe, kila kipande akikipima kwenye mistari ya chaki aliyoichora upya, na hakuna kilichopungua hata unywele. Barafu akachomoa umeme wa vitu vyote akauacha wa pampu peke yake, ili likitokea la kutokea kisiungue kitu. Akajaza maji. Akageuka kutafuta tishu za kutandika chini ya fitingi, akamkuta mume wangu ameshachana kurasa za kalenda ya mwaka jana na ameanza kuziweka, kipande kimoja kila kiungo.

"Baba, na sisi ndivyo tunavyofanya. Nani alikufundisha?"

"Nani alikufundisha wewe?" mume wangu akauliza, kisha akaomba viti viwili.

Wakakaa wakiikabili mashine kama watu waliokuja kuposa. Baada ya nusu saa mume wangu akainuka kukagua. Kavu. Kavu. Kavu. Kwenye fitingi ya kadi ya picha akasimama, karatasi mkononi. Ilikuwa imelowa.

Kiungo kile alikifunga yeye, sote tulijua. Alisimama pale akiiangalia ile karatasi, na mimi niliona miezi minane inarudi mlangoni. Barafu akazima pampu, akatandika taulo, akaifungua fitingi taratibu. Ikatoka, na nyuma yake ukatoka utepe mweupe, mrefu, umezungushwa kwa ustadi raundi tano. Kipete cha mpira kilikuwa kimepondwa kikapasuka.

Barafu akatazama juu. "Baba, hii tepu imetokea wapi?"

Mume wangu akakohoa. "Mkono uliteleza."

"Na spana nayo iliteleza?" nikamuuliza.

Akaniangalia. Kitu kikaanza kumtikisa mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka akashika ukuta, akacheka akakaa chini, Barafu naye akaambukizwa, mpaka binti yetu akatoka chumbani kuuliza nani kafanya nini. "Miaka thelathini," mume wangu alikuwa anasema, anafuta machozi kwa ile karatasi iliyolowa, "miaka thelathini ya tepu, mnataka niiache kwa asubuhi moja?"

Barafu akaweka kipete kipya. Mume wangu akaikaza mwenyewe kwa vidole vitatu, mkono wa pili kaushikilia mgongoni usije ukateleza. Wakaweka karatasi nyingine. Barafu alitaka kuwasha jioni ile ile, akakatazwa. Akarudi kesho yake saa sita mchana, zikakaguliwa zote, kavu. Ndipo wakaunganisha umeme wote.

Mashine haikutoa sauti. Barafu alicheza saa mbili akitusomea joto limefika ngapi, na kila akisoma anapiga kelele kama mtu aliyepata mtoto. Mume wangu mchezo hakuutazama. Alikuwa anatazama maji yanavyopita kwenye ule mpira, yanakwenda, yanarudi. Wiki ile ile timu yao ikawa ya tatu. Sijui kwa nini watu wazima wanaruka ruka kwa kuwa wa tatu, lakini mashine haikujizima.

Hayo yalikuja baadaye. Ninachotaka kusimulia ni Jumatatu asubuhi, baada tu ya kuiwasha. Niliamka nikamkuta mume wangu amevaa viatu vya kazi, sanduku liko mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa yule mwenye dari. Chooni kwake kuna kiungo kingine cha shaba na chuma, nilikifunga siku ile ile. Sikumwambia." Akainua sanduku. "Nakwenda kumwambia."

Nilimwekea mkono begani, akaondoka. Nikachukua ndoo nikatoka uani kuchota maji, nikakuta pipa liko wazi. Nikatafuta mfuniko nyuma ya pipa, chini ya kamba ya nguo, nikaanza kuchemka, nani kaniachia maji wazi namna hii. Halafu nikatazama getini.

Kibao kilikuwa juu, kimefutwa vumbi. FUNDI BOMBA, namba ya simu, na chini kabisa mstari mpya wa buluu, herufi zimejibana kwa kukosa nafasi, rangi bado haijakauka: NA KOMPYUTA. Nililia kidogo, nisifiche. Kisha nikaingia ndani nikatafuta sinia la kufunikia pipa.