Kaloli Walipohamia Nsambya

Juzi nilipita Nsambya, nikamkuta kijana akiwarushia mawe kaloli walio juu ya mti, ati wachafu. Nilimfokea mpaka watu wakageuka. Ngoja nikwambie kwa nini.

Tulikaa hapo hapo Nsambya kwenye nyumba za polisi, baba akiwa askari, wakati wa utawala wa jeshi. Mwanzoni kaloli, wale ndege warefu wenye vipara, hatukuwa nao. Gari la taka lilipoacha kuja, jalala likapanda hadi dirishani, likinuka maganda ya matoke na matumbo ya samaki. Ndipo wakaanza kushuka, wawili, watano, kisha wakajenga viota kwenye mti wa mlangoni petu. Sisi watoto tulitoka mbio. Bibi, mama yake baba, alitucheka huku akipepeta simsim, ule ufuta wa kwao. Aliwajua tangu kwao kaskazini, walikokuwa wakifuata moto wa nyasi kuokota panzi. Alisema nao wamekuja mjini kutafuta kazi, kama mwanawe.

Siku moja mkubwa wa kambi alikuwa akipita, kaloli mmoja akamnyea kofia. Papo hapo akaamuru mti ukatwe. Baba akaleta shoka, akaliweka chini avue koti. Bibi akaja na ungo wake, akalikalia lile shoka, akaendelea kupepeta. Akauliza kwa upole, ndege wakiondoka, hayo matumbo ya samaki atayazoa nani?

Mkubwa akamsogelea, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini. "Wewe mama, nasema serikali hapana fanya kazi?"

Enzi hizo watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Baba alitazama viatu vyake. Mimi nilishika sketi ya mama.

"Hapana, afande," bibi akajibu. "Mimi nasema ndege nafanya."

Jirani alikohoa kuficha kicheko. Mkubwa akaingia garini, akaenda zake, na mti haukuguswa.

Lakini baba alijua gari lile lingerudi kumchukua bibi. Alfajiri akampandisha basi la kaskazini, naye akilalamika njia nzima hadi kituoni kwamba simsim yake haijasagwa. Baadaye vita vikaja, barabara zikafungwa. Sikumwona tena.

Nyumba yetu imevunjwa. Mkubwa yule hata kaburi lake silijui. Simsim siku hizi nanunua ya kopo, haina ladha yoyote. Kaloli wapo. Bibi yangu ndiye aliyeondolewa ili wao wabaki, kwa hiyo atakayewarushia jiwe mbele yangu, wallahi atanitambua.